Haya, Nimekusikia

Kyarisiima anajulikana kwa sauti kuliko kwa sura. Alianza kukaa kwenye chumba cha simu cha hospitali ya misheni, ile iliyo juu ya kilima pale Karagwe inapokaribiana na Kyerwa, akiwa msichana ambaye hajaolewa, na leo watoto wa binti yake wanamwita bibi. Muda wote huo watu wa vijiji vya Rugera na Songambele wamemsikia bila kumwona. Akienda mnadani kununua mbuzi, akifungua tu mdomo kubishana bei, mtu aliyempa mgongo hugeuka na kuuliza, “Wewe si yule wa simu?” Yeye hucheka na kukubali. Bei ya mbuzi haishuki hata kidogo, lakini kamba ya kumfungia hupewa bure.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kwenye kona ya chumba kile lilisimama kabati la chuma, refu kuliko yeye, lililoletwa na masista wazungu zamani hizo. Hilo ndilo lilikuwa swichibodi. Kila aliyepiga kutoka nje aliangukia mikononi mwa Kyarisiima, na kila aliyeinua mkonga wa simu ndani ya hospitali, awe wodi ya wazazi au duka la dawa, alikutana naye kwanza. Simu za mawodini zilikuwa za kijivu, nzito, zenye waya wa kujisokota. Muuguzi aliinua, akasema, “Mama, nipe maabara,” akapewa maabara. Hakuna aliyejua namba ya mwenzake na hakuna aliyehitaji kuijua.

Alikuwa na mambo mawili yake mwenyewe ambayo hakufundishwa na mtu. La kwanza, alimwamkia kila mpigaji. Kwenye simu huoni mvi wala makunyanzi, kwa hiyo alijiwekea kwamba afadhali kumwamkia mtoto kuliko kumkosea mzee. Watoto wa shule waliotumwa na wazazi wao waliitikia “Marahaba” huku wakijibana wasicheke, na wengine walipiga makusudi tu ili waamkiwe. Baada ya shikamoo aliuliza habari za nyumbani, akanyamaza, akangoja. Huku mtu hasemi shida yake kabla ya salamu kwisha, hata kama nyumba inaungua, na Kyarisiima hakuwahi kumkimbiza mtu.

La pili lilikuwa neno la kumalizia. Wengi hupiga kwa simu ya kuazima, salio lenyewe la kudokoa, na mwenye simu amekutolea macho tangu neno la kwanza. Kwa hiyo mpigaji akishaeleza yaliyomsibu, Kyarisiima alisema, “Haya, nimekusikia,” na mpigaji akakata hapo hapo. Hakungoja kuunganishwa na mtu mwingine. Yaliyobaki, kumtafuta mkunga, kumwita dereva, kueleza njia ya kufika, yalikuwa juu ya Kyarisiima. Watu walilizoea neno hilo hivi kwamba likishatamkwa walianza kukunja mkeka wa kumlazia mgonjwa garini.

Lakini kabati lile lilichoka. Radi ililipiga kila msimu wa mvua, sisimizi wakahamia ndani yake ukoo mzima, na mwishowe likaanza kuwachanganya watu. Aliyetaka duka la dawa alipelekwa mochwari, na mlinzi wa mochwari, ambaye hapendi utani, akaja juu. Uongozi ukaamua mtambo ubadilishwe. Felicitas, matroni wa hospitali, mwanamke wa maneno machache na hatua ndefu, alikubali kwa sharti moja: simu za mawodini zisiguswe. Zile unazishika na mikono yenye maji, alisema, na zikianguka zinaokotwa kazi ikaendelea. Hivi vyepesi vinavyoletwa siku hizi havimalizi msimu. Hakuna aliyembishia.

Fundi aliyekuja kutoka Bukoba, Edgar, alisema inawezekana. Alilitoa kabati vipande vipande, akaweka mahali pake kimashine kinachoenea kwenye mkoba wa mwanamke, na pembeni yake kisanduku cha kuzikutanisha simu za zamani na mtambo mpya. Alionya jambo moja tu. Simu hizi zilizoea umeme wa kabati lile, alisema, kwa hiyo siku za mwanzo zinaweza kulia mlio mmoja na kunyamaza, zenyewe tu, bila ya mtu kupiga. Wasishtuke. Angerudi baada ya muda kuzirekebisha.

Uzuri wa mtambo mpya ni kwamba ungejibu wenyewe. Mpigaji angesikia sauti ikimwambia abonyeze moja kwa wodi ya wazazi, mbili kwa maabara, tatu kwa gari la wagonjwa. Asiyebonyeza kitu angeletwa mezani kwa Kyarisiima. Na sauti iwe ya nani? Wote walimgeukia yeye. Alipoyasoma maneno ya Edgar mara ya kwanza ungedhani anatangaza mnada wa shamba la marehemu. Edgar akamwambia asisome, aseme vile anavyosema siku zote.

Kyarisiima akafumba macho, akasema vile anavyosema siku zote. “Shikamoo. Habari za nyumbani?” Akanyamaza, akangoja kwa heshima, utadhani kweli kuna mtu. Kisha akataja namba za kubonyeza. Edgar akaomba na neno fupi la mwisho, la kumtuliza yule asiyebonyeza kitu, asije akadhani laini imekatika wakati simu inapelekwa mezani. Hilo halikumpa taabu hata kidogo. “Haya, nimekusikia,” akasema.

Wauguzi walijazana mlangoni kuisikiliza. Walicheka, wakapiga makofi, hata Felicitas akatabasamu, na Kyarisiima akaona raha, raha hasa, ya mtu ambaye sauti yake itakuwa kazini hata siku yeye yuko nyumbani anamenya ndizi. Wakaujaribu mtambo kwa kupigiana wenyewe kwa wenyewe. Kila mmoja alibonyeza namba yake barabara, na kila simu ya kijivu ililia palepale ilipotakiwa kulia. Asubuhi iliyofuata Edgar akapanda basi la kurudi Bukoba.

Asubuhi hiyo hiyo simu ya mezani kwa Kyarisiima, ya kijivu kama za mawodini, ililia mlio mmoja, ikanyamaza. Aliinua mkonga akasikia laini tupu. Akaurudisha. Baada ya muda ikalia tena, mlio mmoja, kimya. Akakumbuka onyo la Edgar, akaipapasa ile simu na kuiambia kwamba itazoea tu. Ikalia tena, ikanyamaza tena. Felicitas alipita mlangoni, akasimama kuusikiliza utulivu ule, akasema hajawahi kuona siku ya mnada iliyopoa namna hii, na kumbe mtambo huu ungeletwa mapema wangepumzika mapema. Kyarisiima alikubaliana naye kwa mdomo. Moyoni kulikuwa na kitu kinamkwaruza.

Kitu chenyewe kilikuwa na jina. Sebahire alikuwa mzee mfugaji wa Songambele, wa familia zile zilizotoka Rwanda na ng'ombe wao zamani, na Kyarisiima hakuwahi kumwona kwa macho. Alimjua kwa sauti ya kukwaruza na kwa ng'ombe waliolia nyuma yake. Mkamwana wake, Uwiduhaye, alikuwa na mimba ya kwanza, na kliniki walimwambia mtoto amelala vibaya tumboni. Uchungu ukianza tu, wapige simu gari lije. Wasithubutu kumzalisha nyumbani. Mume wa Uwiduhaye alikuwa mbali malishoni, kwa hiyo agizo lilimwangukia mzee, naye akalibeba kwa uzito wake wote. Tangu siku hiyo alipiga kila asubuhi baada ya kukamua, kwa simu ya yeyote aliyemkuta njiani. Kyarisiima alimwamkia, mzee akaitikia, wakaulizana habari za watu na za ng'ombe, kisha mzee akasema neno moja: “Bado.”

Leo hakupiga. Na muda wa kukamua ulikuwa umepita zamani.

Kyarisiima alijaribu kujipa moyo. Labda mzee hakupata simu ya kuazima. Labda mtandao umemfanyia vituko, maana kule mpakani simu huhamia Rwanda au Uganda bila kumwomba mwenyewe ruhusa. Alijituma kufuta vumbi lililoachwa na kabati. Simu ikalia, na safari hii mkono wake ulikuwa juu ya mkonga, akauinua kabla mlio haujaisha. Alisikia mbuzi. Mbuzi mmoja tu, analia karibu na mtu anayehema, kisha laini ikakatika.

Simu inayolia yenyewe haina mbuzi.

Aliurudisha mkonga. Akachukua simu yake ya kiganjani, akatoka nje chini ya upenu, akapiga namba ya hospitali. “Shikamoo,” ikasema sauti yake mwenyewe. “Habari za nyumbani?” Ukafuata ule ukimya aliouacha kwa heshima. Hapo mtu angeitikia. Hapo mtu angejitaja, angesema nyumbani si salama, angeanza kueleza. Sauti ikaendelea, ikataja wodi ya wazazi, ikataja gari la wagonjwa, vilevile yeye alivyozoea kuwaita wakunga na dereva kwa pembeni huku mpigaji bado anaongea. Kisha ikasema, “Haya, nimekusikia.” Kyarisiima akakuta kidole chake kimeshakata simu.

Akakaa kwenye ngazi. Tangu asubuhi watu walikuwa wakieleza shida zao kwa mashine, mashine ikawaambia imewasikia, wakakata, wakakunja mikeka, wakakaa kungoja. Ule mlio mmoja ulikuwa ndio wao, wameshamaliza, wanaondoka. Na simu za kijivu hazina kioo cha kuonyesha nani amepiga. Angeweza kuwa mtu wa kijiji cha Ndama aliyetaka kujua siku ya kliniki ya meno, na angeweza kuwa Sebahire.

Alimpigia Edgar, akampata basi likiwa linakaribia Kyaka, sauti inakuja na kupotea. Alimweleza. Edgar akasema namba za waliopiga hawezi kuzipata bila kuwa pale na kompyuta yake. Akamwelekeza waya wa kuchomoa, ili simu zote za nje zije moja kwa moja mezani kwake bila kupita kwenye ile sauti. Kyarisiima akauchomoa. Edgar akaanza kusema kwamba ni yeye aliyemwambia aseme kama siku zote, lakini mtandao ukamkata, na Kyarisiima hakuwa na nafasi ya kusikiliza majuto ya mtu.

Simu ikalia papo hapo, mlio mzima, mrefu. Alikuwa mwanamume wa Rugera, na hakungoja shikamoo. Baba yake ameanguka toka juu ya mparachichi, mguu umevunjika, alipiga asubuhi akaambiwa amesikiwa, na gari liko wapi? Felicitas alikuwa ameingia kwa kusikia kelele. Kyarisiima alimpa mkonga ajibu, na mzee wa Rugera akaahidiwa gari. Felicitas alipourudisha mkonga mahali pake, Kyarisiima akamweleza yote, bila kujipaka mafuta: ile salamu, ule ukimya, lile neno la mwisho, na mzee wa Songambele ambaye hakupiga. Gari lilikuwa moja. Rugera ni huku, Songambele ni kule.

“Huyu wa Rugera amepiga,” Felicitas akasema. “Yule hajapiga. Gari halitoki bila simu, na hilo umelifundisha wewe mwenyewe.”

“Amepiga. Mimi ndiye sikuwepo.”

“Unajuaje? Labda alitaka kusema bado.”

“Kama ni ‘bado’ tu, mashine isingemtosha. Angepiga tena anisalimie vizuri, tuongee habari za ng'ombe.” Kyarisiima akamsogelea. “Matroni, mguu unaweza kungoja. Nakuomba.”

Felicitas alikuwa mtu anayefuata utaratibu, na utaratibu ulikuwa upande wa Rugera. Akaenda dirishani, akamwita Habumugisha, dereva, aliyekuwa anaosha matairi, akamwambia aache. Kisha akavuta kiti cha Kyarisiima na kukikalia yeye.

“Nenda naye, maana njia unaijua wewe. Hapa nitapokea mimi. Lakini ukimkuta yule mama amekaa anachambua maharage, tutakwenda wote wawili kumweleza mgonjwa wa Rugera.”

Njia Kyarisiima aliijua kwa masikio tu. Miaka yote alikuwa akiwaeleza madereva geukeni hapa, pandeni pale, kwa maneno aliyopewa na wapigaji, na yeye mwenyewe hakuwahi kufika huko. Alikaa mbele, mkunga akakaa nyuma na vifaa vyake. Manyunyu yalianza walipoiacha barabara kubwa, na udongo mwekundu ukageuka utelezi. Habumugisha ni dereva mzuri, ila ana tabia ya kunung'unika kwa sauti, na siku hiyo alinung'unika njia nzima: gari linakwenda kwa ndoto za mtu, mafuta yanachomwa kwa ndoto za mtu. Kyarisiima alikuwa anajaribu kukumbuka kama Sebahire alisema geuka kabla ya josho la ng'ombe au baada yake.

Alijaribu kumpigia mwenyekiti wa kitongoji, simu haikupatikana. Alijaribu tena. Migomba ikaisha, nyasi zikaanza, vilima vitupu vyenye ng'ombe wachache na ukungu. Walikutana na kundi zima limeziba njia, na mchungaji akawasogeza wanyama wake taratibu bila haraka yoyote, na Kyarisiima akajiona anataka kushuka awasukume kwa mikono. Hofu yake ilikuwa ya pande mbili. Akimkosa Uwiduhaye, ameharibu. Akimkuta mzima, amemnyima gari mzee wa watu mwenye mguu uliovunjika. Hakujua aombe lipi.

Waliliona josho kabla hawajaliulizia. Chini ya paa lake la mabati walikuwa wanawake wamekusanyika, na barabarani, peke yake, amesimama mzee mrefu mwembamba, amelowa mpaka kwenye kope, ameinua juu mwavuli uliofungwa. Habumugisha akaacha kunung'unika.

Kyarisiima alishuka. “Shikamoo, mzee,” akasema, na uso wa mzee ukafunguka, maana hiyo sauti aliijua.

“Marahaba, mwanangu. Nilijua ni barabara tu iliyokuchelewesha.” Akawageukia wanawake. “Si niliwaambia? Alinisikia tangu asubuhi. Niliwaambia anakuja.”

Uwiduhaye alikuwa kwenye mkeka, macho nusu wazi, amechoka hata kelele hapigi. Wakati wanamwinua, jirani mmoja alimnong'oneza Kyarisiima kwa kumsifu baba mkwe. Uchungu ulianza alfajiri, alisema. Vijana walileta pikipiki, mzee akaikataa. Likapita gari la kubeba maziwa, dereva akajitolea, mzee akamshukuru na kumwambia aende zake, mgonjwa haruhusiwi kurushwarushwa na gari la hospitali liko njiani. Wengine walianza kulalamika, na yeye akawakemea. Kyarisiima alisikia kila neno likimkata. Mkunga alimgusa tu tumbo yule msichana, akamwambia Habumugisha aendeshe, na jinsi alivyosema hakuna aliyeuliza swali.

Kurudi kulikuwa kubaya zaidi. Kyarisiima alikaa nyuma, kichwa cha Uwiduhaye mapajani mwake, mzee amejikunyata pembeni. Alimpigia Felicitas chumba cha upasuaji kiandaliwe, na mara simu ya Felicitas ilipopokelewa tu alisikia simu ya mezani ikilia nyuma yake. Mkunga alikuwa ameinama na chombo chake cha kusikilizia, anakisogeza, anasikiliza, anakisogeza tena. Kila akikisogeza Kyarisiima alimtazama usoni, na kila mara mkunga aliangalia kando. Damu ilianza kupita kwenye khanga. Mzee hakuiona au alijifanya hakuiona. Alikuwa anamwambia mkamwana wake kwa Kinyarwanda, polepole, kwamba wameshasikiwa, kwamba wako mikononi mwa watu.

Uwiduhaye alipopelekwa ndani, Kyarisiima na mzee walikaa kwenye benchi la nje. Mzee hakutulia. Kila aliyepita korido alimwonyesha Kyarisiima kwa kidole, akasimulia: nilipiga asubuhi, akaniamkia hata kabla sijajitaja, akaniuliza habari za nyumbani, nikamweleza, akasema amenisikia. Wapitaji walimpongeza. Alisimulia kwa mfagiaji, akasimulia kwa mwanamke aliyeleta uji. Kyarisiima alishika ukingo wa benchi na hakusema kitu, kwa sababu mlango ulikuwa bado umefungwa, huku akijua kabisa kwamba kunyamaza kwake ni woga.

Mlango ulipofunguka, mkunga alikuwa ameshusha barakoa. Mtoto amelia, wa kike. Mama amepoteza damu nyingi na wanamwongezea, lakini yupo, na atakuwepo. Mzee aliinua mikono, akamshukuru Mungu kwa lugha zote alizokuwa nazo, kisha akamgeukia Kyarisiima na kumshika mikono yote miwili.

“Mzee,” Kyarisiima akasema, “asubuhi hukuongea na mimi.”

Sebahire alitabasamu, akadhani ni unyenyekevu.

“Ilikuwa mashine. Wameweka mtambo mpya, wakaingiza sauti yangu ndani yake. Mimi sikusikia hata neno lako moja. Nimekuja kwa kubahatisha, kwa sababu leo sikuisikia ile ‘bado’ yako.”

Mikono ya mzee ilibaki ilipokuwa, lakini nguvu zikatoka ndani yake.

“Iliniamkia.”

“Ndiyo, mzee.”

“Nikaitikia. Ikaniuliza nyumbani, nikaieleza mambo ya mtoto huyu, mambo ya ndani ya nyumba yangu.”

“Ndiyo.”

Akamwachia. “Nimefukuza pikipiki,” akasema. “Nimefukuza gari la maziwa, watu wakaniona nimechanganyikiwa. Nilimwamini nani?”

Kyarisiima alilia pale pale mbele yake, mtu mzima, na mfagiaji akaondoka na ufagio wake. Mzee hakumkemea na hakumbembeleza. Aliinuka, akaingia wodini kumwona mjukuu wake.

Edgar alirudi, amejiinamia, na sauti nyingine ya kuweka, ya mwanamke wa mjini, isiyoamkia mtu. Felicitas alimshukuru akaikataa. Mtambo mpya ukabaki, simu za kijivu zikabaki, nazo kweli zikazoea. Ila kila anayepiga kutoka nje anafika kwanza kwa Kyarisiima, mtu kwa mtu. Mzee wa Rugera aliungwa mguu, ingawa anachechemea, na hakosi kuwaeleza watu sababu.

Na watu wameelezwa vya kutosha. Habari ilipita minadani na makanisani mpaka ikawa na mkia: kwamba hospitali ya kilimani kuna Kyarisiima wawili, mmoja wa nyama na mmoja wa waya. Sasa akisema shikamoo, mpigaji haitikii. Anapima kwanza. Mmoja anamwambia akohoe. Mwingine anamuuliza kama huko kilimani mvua imenyesha, na jana amekula nini. Mama mmoja wa Ndama, mtoto anaungua homa mgongoni, alimtaka ataje jina la mama yake mzazi kabla hajasema shida. Kyarisiima anakohoa, anataja, anaeleza alichokula. Hakasiriki. Lakini kila mara kitu kinamchoma, maana zamani hakuhitaji ushahidi wa kuwa yeye ni mtu.

Sebahire hakupiga tena. Dawa za Uwiduhaye zilifuatwa na mume wake kwa pikipiki, na mtoto alipoletwa kwenye chanjo, mzee hakuwa naye. Mvua zikaisha, senene wakaja na kuondoka, nyasi za Songambele zikakauka na kuota upya.

Kisha asubuhi moja simu ya kijivu ililia, Kyarisiima akainua mkonga, akaamkia, akauliza habari za nyumbani. Hakujibiwa. Kulikuwa na mtu anahema kwa shida, na nyuma yake ng'ombe. Hakumkimbiza. Alingoja, na salio la mtu likawa linaliwa.

“Siku ile,” ikasema sauti ya kukwaruza, “pale kwenye josho. Nilikuwa nimeshika nini?”

“Mwavuli,” Kyarisiima akasema. “Hukuufungua. Ulikuwa umeuinua juu ili dereva auone, na wewe unaloa.”

Ng'ombe mmoja akalia, mwingine akamjibu.

“Marahaba,” akasema mzee, na akaanza kumweleza jinsi kifua kinavyombana.